Wifi Yangu na Utando Unaonusa

Wifi yangu haamini mtu. Sisemi hivyo kwa kumsengenya, maana nimeshamwambia usoni pake na yeye akakubali, tena akaongeza kwamba hata mimi haniamini, nisijipe moyo. Akinunua mayai huyahesabu dukani, huyahesabu tena nyumbani, na yakitimia hukaa akijiuliza muuza duka ana lengo gani. Kiwandani walimpa jina la Bi Hakikisha. Jina lilimkaa vizuri mno, wageni wakadhani ndilo alilopewa na wazazi.

Mtu mmoja tu alikuwa nje ya shuku zake, naye ni mdogo wake, ambaye ni mume wangu. Wazazi wao walifariki wakati dada ndiyo kwanza anamaliza shule na huyu wangu hajui hata kufunga viatu. Dada akamlea. Alimwogesha, alimfulia, alimsomesha kwa kushona nguo za watu, akafukuza wachumba wazuri tu kwa sababu aliwaona wanamtazama mtoto kwa jicho la pembeni. Ndiyo maana jioni kiwandani, tukiwa tumepanga foleni getini tupekuliwe mifuko, mume wangu alipita kando akapungiwa mkono. Wenzetu walinung'unika. Mimi nilinung'unika kuliko wote, maana kwangu mimi wifi alifungua hadi kopo la mafuta ya kujipaka, akachovya kidole kuona kama chini hakuna kitu.

Alikuwa mtunza stoo, na kwa kuwa hakumwamini hata mlinzi wa getini, kazi ya kupekua aliichukua yeye.

Kiwanda chenyewe ni jengo la kawaida nyuma ya karakana ya kupulizia magari rangi, na tunachotengeneza ni kitu kigumu kumweleza shangazi yako akakuelewa. Kuna unga mweusi unaokuja ndani ya makopo yaliyokazwa vifuniko. Unga huo ni mirija ya kaboni. Ni kaboni ileile ya mkaa na masizi, ila hii imejikunja ikawa mirija myembamba kiasi kwamba ukiweka unywele pembeni yake, unywele ni gogo. Mume wangu ndiye aliyekuwa mchanganya wino. Aliutia unga kwenye maji yenye aina fulani ya sabuni, akawasha mashine inayotikisa kwa mlio ambao masikio hayausikii sawasawa lakini meno yanausikia, mpaka mirija iache kung'ang'aniana. Hapo unapata wino. Wino unapakwa juu ya plastiki, safu nyembamba hata unaona upande wa pili, na plastiki inaanza kupitisha umeme. Wenye kutengeneza simu za kukunjwa wanaitafuta kwa udi na uvumba, maana kioo cha kawaida ukikikunja unalia.

Plastiki hiyo iliyopakwa wino ndiyo tunayoiita utando. Ukikauka unaviringwa jora, mfano wa kitambaa dukani. Mimi nilikuwa mezani pa vipimo. Nagusisha sindano nne za mita juu ya utando, nasoma namba. Namba ikiwa ndogo, umeme unapita vizuri. Ikiwa kubwa, tumeharibikiwa.

Wifi hakuuamini hata unga wenyewe. "Mirija ipi?" aliniuliza siku moja tukinywa chai. "Wewe umeiona?"

"Daktari anaiona kwa mashine yake."

"Daktari ndiye anayeuza," akasema, akanywa chai yake.

Daktari ndiye mwenye kiwanda. Si daktari wa watu, ni wa kemia, mtu mrefu mwenye mabega yaliyoinama kwa kukaa juu ya meza za maabara. Alishahangaika miaka kadhaa kuutoa utando huo maabarani na kuufikisha sokoni, na watu wenye pesa walikuwa wakimtembelea, wakisifu, wakiaga, wasionekane tena. Alipenda kutuambia kwamba kutengeneza kipande cha ukubwa wa kiganja wanaweza wengi, lakini kutengeneza jora zima lenye namba ileile kutoka mwanzo hadi mwisho ndiko kunakoua viwanda. Sisi tulitikisa vichwa, kila mmoja akijiuliza kimoyomoyo kama mshahara utatoka.

Kisha akapatikana mnunuzi. Kampuni ya kutengeneza skrini ilipima vipande vyetu ikaridhika, ikaagiza majora, ikasema mhandisi wao atakuja kuyapima mwenyewe kabla hayajapakiwa. Daktari alitukusanya akatangaza kwamba majora yakikubaliwa kiwanda kitapanuliwa, na mchanganya wino atakuwa mkuu wa chumba cha wino, na watu chini yake. Wifi alibubujikwa machozi mbele za watu. Mtoto aliyemfunga viatu anakuwa mkuu! Nilifurahi naye, hata nikamshika mkono. Hakufika mbali na furaha hiyo. Tulipokuwa tunatoka nje aliniinamia akaninong'oneza, "Jambo zuri hivi halikosi mtu anayelivizia."

"Nani?"

"Ningemjua ningelala usingizi."

Kesho yake akaanza kazi. Majora yalikuwa yakikaa kwenye rafu za ukumbini, yamefungwa kwa nailoni, mahali pa wazi, kila mtu akipita anayaona. Wifi akaona hapo ndipo wizi unapofanyika. Mtu anaweza kutoa jora zuri akaacha bovu ndani ya nailoni ileile, nani atajua? Akamwomba Daktari kile chumba kidogo mwisho wa korido. Hakina dirisha, mlango wake wa chuma, kimepakana na choo na stoo ya mfagizi. Ufunguo aliutia kwenye kamba akauvaa shingoni. Juu ya hapo akalikata kila jora alama ndogo ukingoni, alama anayoijua yeye peke yake, na kila asubuhi alijifungia mle ndani, akavua nailoni jora moja baada ya jingine, akatafuta alama zake, akayafunika tena juujuu ili kesho asipate shida ya kuyafungua.

Tulimcheka. Mimi nilimwambia siku atakayoolewa atamkata mume alama sikioni.

Siku chache kabla ya mhandisi kufika, Daktari akataka majora yapimwe upya. Wifi akatufungulia mlango, akahakiki alama zake mbele yetu, nikabeba jora la kwanza hadi mezani. Namba ikaja kubwa. Nikafuta sindano, nikapima tena, ikaja kubwa vilevile. Nikaleta la pili, la tatu. Yale ya zamani zaidi yalikuwa mabaya zaidi. Majora haya haya niliyapima mimi yalipotoka kwenye mashine, yakiwa safi, leo umeme unapita kwa kusukumwa. Daktari alisimama nyuma yangu, nami nilisikia pumzi yake shingoni.

Kuanzia saa ile kiwanda kiligeuka. Watu waliacha kuagana. Ukienda chooni unafuatwa na macho, ukirudi unafuatwa na macho. Mmoja anasema majora yamebadilishwa, mwingine anasema ni mshindani wetu kamtuma mtu, mwingine anasema unga umeibwa na kuongezewa masizi, na kwa kuwa vyote ni vyeusi nani atatofautisha? Wengine waliitazama mita yangu kisha wakanitazama mimi. Hata mashine ya chai iliachwa ipoe, kila mtu akaja na chupa yake kutoka nyumbani.

Daktari alituita ofisini, mimi na wifi tu. Niliweka vipimo mezani. Wifi aliketi wima, mkono mmoja juu ya ufunguo.

"Bi Hakikisha, kuna mtu kaingia mle?"

"Hakuna. Ufunguo haujatoka shingoni mwangu, hata nikioga."

"Yamebadilishwa?"

"Majora ni yaleyale. Alama zangu zipo."

Daktari akajishika kichwa. Mimi nilikuwa namtazama wifi. Nilimwona anatembea kichwani mwake, mlango hadi mlango, akijaribu kila kitasa. Nilimwona pia anapofika.

"Basi ubovu umeingia kabla ya mlango wangu," akasema taratibu.

"Kabla ya mlango wako kuna nini?"

"Kuna wino."

"Wifi!" nikasema.

Hakugeuka. "Kikulacho ki nguoni mwako," akasema, na aliiambia meza, si mimi. "Watu wote hapa nawapekua. Mlinzi nampekua. Wifi yangu huyu nampekua. Wewe Daktari, nisamehe, koti lako likiwa limetundikwa nimeshalipapasa. Yeye peke yake sijawahi kumpekua."

Hivyo ndivyo akili yake ilivyofanya kazi. Asiyepekuliwa ni mmoja, basi mwenye nafasi ya kuiba ni mmoja. Hakuwa na chuki usoni. Alikuwa kijivu, midomo imemkauka, lakini hesabu yake ilikuwa imemfikisha pale na hakuona njia ya kurudi.

Mume wangu akaitwa. Alikuja na mikono yake yenye weusi kwenye kucha, weusi usiotoka kwa sabuni yoyote ya nyumbani. Daktari akamweleza, kwa aibu kidogo, kwamba akae pembeni mpaka mambo yajulikane. Mume wangu hakumtazama Daktari. Alimtazama dada yake.

"Dada, na wewe unasemaje?"

"Mimi nasema wakague."

Akavua koti la kazi akalitundika. Alipofika getini wifi alikuwa ameshatangulia. Nikadhani anataka kumwambia neno. Kumbe alimwambia anyooshe mikono. Akampekua mbele ya foleni nzima, mfuko wa begi, mfuko wa shati, mfuko wa suruali. Akakuta leso na kalamu. Mume wangu akazichukua, akaenda zake.

Nyumbani nilitema moto. Nilisema yote niliyokuwa nimeyameza tangu arusi yetu, siku ambayo wifi alihesabu viti vya kukodi wakati wa kuingia na wakati wa kutoka. Nilisema mwanamke huyu hakutaka uoe, anataka urudi kwake umkalie jikoni, ametafuta njia na ameipata. Niliamini kila neno nililosema. Mume wangu alikuwa amepiga goti anakaza bawaba ya kabati.

"Dada yangu ndivyo alivyo," akasema. "Yataisha."

"Huna hasira?"

"Hasira hasara. Nipe bisibisi ile ndogo."

Nikamhurumia, nikamwona mtu mwema kupita kiasi. Kwa majirani nilijisifu: mume wangu haweki kitu moyoni, namjua, ni mtu ambaye hata ufunguo wa nyumba hajui ameuweka wapi.

Daktari alimwomba mhandisi asogeze siku ya kuja, akaingia mwenyewe chumba cha wino. Unga alifungua kopo jipya mbele yetu. Alichanganya mwenyewe, alipaka mwenyewe, mimi nikapima akiwa amesimama kando. Namba zilikuwa nzuri, ndogo, zimetulia. Wifi akaja akachukua majora yale, akayakata alama, akayafungia. Kila asubuhi akayafungua na kuyafunika juujuu kama kawaida yake.

Wiki haikuisha, namba zikapanda.

Hapo hapakuwa na mchanganya wino wa kushukiwa, isipokuwa Daktari ajishuku mwenyewe. Nadhani alijishuku kidogo. Alichukua mita na sindano zake, akamwambia wifi afungue, akaingia mle ndani, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akapima utando hapohapo. Sisi tulijazana mlangoni. Namba ilikuwa inapanda akiitazama. Akatoka na kipande hadi ukumbini, akakaa nacho karibu na dirisha, ikaanza kushuka, polepole, kwa kusitasita. Akarudi nacho ndani. Ikapanda. Alifanya hivyo mara kadhaa, akitupita na kutukanyaga miguu bila kuomba radhi. Mwishowe akasimama katikati ya chumba, akainua pua.

Juu ya ukuta, karibu na dari, palikuwa na kitundu cha hewa kinachotazama stoo ya mfagizi. Upande wa pili tulimsikia mfagizi anamimina dawa ya kusafishia vioo kutoka dumu kubwa kwenda chupa ndogo, ile dawa kali inayotia machozi.

"Amonia," akasema Daktari. Akacheka, kisha akaketi tena juu ya ndoo. "Utando huu unanusa. Mirija ya kaboni ikikutana na amonia umeme unapita kwa shida. Nalijua hilo, kila mtu wa kazi hii analijua, kwenye vitabu lipo. Lakini nani aliwaza kwamba majora yatakaa ukutani na choo, tena bila nailoni?"

Tukamgeukia wifi sote. Alikuwa ameushika ufunguo wake kwa mikono miwili. Chumba alikichagua yeye, na nailoni aliifungua yeye, kila asubuhi, ili kuhakikisha.

Mambo ya biashara yalikwenda kwa njia yake ya ajabu. Mhandisi wa skrini alikuja, mtu mwenye tabia ya kuchungulia chini ya meza na nyuma ya milango. Nilimwona nikajua wifi amepata ndugu. Daktari alimwambia ukweli. Yule akasema skrini inayobadilika tabia kila choo kikisafishwa hawezi kumuuzia mtu, tukishaufunika utando kwa kitu kisichopitisha hewa tumwite tena, akaondoka. Tulijua tumekwisha. Lakini Daktari akaenda kwa wenye majokofu makubwa ya kuhifadhia nyama na samaki. Majokofu hayo hupozwa kwa amonia, na amonia ikivuja ndani ya jengo inaua watu. Akawawekea kipande cha utando wetu ndani ya kiboksi karibu na bomba: amonia ikivuja namba inapanda, kengele inalia. Wakakipenda, wakaagiza. Mpaka leo ndivyo tunavyokula. Kasoro ikipata mnunuzi huitwa bidhaa, na mimi sijui kama niisifu akili ya Daktari au niogope kwamba siku moja atapatikana mtu wa kutuuliza maswali.

Kwenye mkutano Daktari alimsifu wifi. Alisema bila Bi Hakikisha na mlango wake wa chuma tusingegundua. Watu wakapiga makofi. Wifi hakutabasamu. Alikuwa anamtafuta mdogo wake kwa macho, ambaye alikuwa ameshakwenda kuitwa nyumbani na Daktari mwenyewe, ameombwa radhi, amerudishwa na ukuu wake wa chumba cha wino, na sasa amesimama nyuma kabisa anapiga makofi pamoja na wengine.

Jioni hiyo wifi alikuja kwetu. Hakukaa hata kidogo, alisimama katikati ya sebule.

"Mdogo wangu, nimekukosea."

"Yameisha, dada," mume wangu akasema. "Karibu kiti. Kunywa chai."

Akanywa. Wakazungumza habari za paa linalovuja kwake. Nilipomsindikiza nje alinikamata mkono.

"Kanisamehe haraka."

"Si ndivyo ulivyotaka?"

"Mtu aliyeumia hasamehi haraka hivyo. Kuna kitu."

"Wifi, Mungu akusaidie," nikamwambia. "Hata msamaha unaupekua?"

"Mwenye kovu usidhani kapoa," akasema, akaenda.

Tangu hapo hakutupa raha. Akija anamletea mdogo wake soksi, anamletea shati, anamtazama anavyolipokea. Akishukuru sana, wifi ananong'ona kwangu kwamba anajilazimisha. Akishukuru kidogo, anasema umeona? Kazini akipita getini anamwamkia, "Shikamoo dada," sauti ileile ya siku zote, na wifi anabaki kaduwaa anaipima sauti. Aliacha kumpungia mkono. Hakujua tena afanye nini na mikono yake. Alikonda mpaka nguo zikampwaya, na mimi, ambaye nilikuwa nimeapa sitamhurumia, nikaanza kumwonea huruma.

Siku moja akanijia mezani pa vipimo. "Mwambie anitukane," akasema. "Mara moja tu. Anitukane vizuri, nijue yametoka."

Nilimcheka hadi nikatoa machozi. Nikamfikishia mume wangu ujumbe, naye akacheka. "Nimtukane dada? Kwa lipi?" Nikamwambia amtukane kwa huruma, basi, mwanamke anakufa kwa wasiwasi wake mwenyewe. Nikampa na maneno mawili matatu, maana mimi sikosi maneno ya kumtukania wifi.

Jumapili mchana akaja. Nilikuwa nimeandaa chai. Mume wangu akasimama, akajikohoza.

"Dada, wewe ni mtu mbaya," akasema. Akanitazama mimi. "Una roho ya korosho. Na... na una macho ya kuhesabu."

Wifi alimsikiliza kichwa kimeinama upande, vile anavyomsikiliza dereva anayeeleza boksi moja limepotelea wapi. Kisha akatikisa kichwa.

"Huyo ni mke wako anayeongea."

Nikacheka. Mume wangu hakucheka.

"Unataka nini, dada?"

"Ukweli."

"Nimeshakwambia. Yameisha."

"Hayajaisha."

"Yameisha!" Akapiga meza, kikombe kikapinduka, chai ikatiririka hadi sakafuni. Sikuwahi kumsikia akiipandisha sauti ile. Sikujua kama anayo. "Yameisha, yameisha, unataka niseme mara ngapi? Ulinipekua! Mfuko wa suruali uliyoishona wewe, ukatia mkono, watu wanatazama. Niliitazama mikono yako. Haikutetemeka, dada. Hata kidogo. Nilipotoka nilisimama pale kona, nikasema atanifuata, sasa hivi atanifuata, nikasimama mpaka wote wakapita. Hukuja. Kila nikipita getini naiona mikono ile. Ukinipa shati naiona. Nimejaribu isinijie, haki ya Mungu nimejaribu, na inakuja."

Alikuwa analia mdomo wazi, mtu mzima, mkuu wa chumba cha wino. Nami nilikuwa nimesimama na birika mkononi. Mtaa mzima nilikuwa nimeutangazia kwamba mume wangu haweki kitu moyoni. Kila usiku tangu siku ile ya getini nililala ubavuni mwake, nikamsikia akipumua vizuri, nikalala.

Wifi hakulia. Uso wake ulikuwa umelegea, mara ya kwanza baada ya muda mrefu.

"Kwa hiyo hujanisamehe," akasema.

Mume wangu akajifuta pua kwa mkono wa shati.

"Bado, dada."

Wifi akavuta kiti, akaketi karibu naye, chai ikimdondokea miguuni.

"Haya," akasema. "Hilo naliamini."